Wembe wa Ninkwenda

Sehemu ya tisa: Herufi iliyozidi

Wiki nzima Elieth amesimama pale pale tulipomwacha: ndani ya saluni ya Uledi mjini Muleba, mkono hewani, wembe wa shaba kiganjani. Wengine mmelalamika kwamba mkono utamfa ganzi. Basi leo tumruhusu augeuze.

Aliugeuza. Chini ya kishikio, mahali alipodhani ni yeye tu anayejua kupatazama, palikuwa na maandishi.

NINAKWENDA.

Alisoma tena. Kisha akapitisha ncha ya kidole juu ya herufi moja moja kama mtoto wa chekechea, kwa sababu macho yake hakuyaamini.

Kwa aliyeanza kutusoma leo, mambo ni haya. Elieth, binti wa mzee Mutembei wa Kitendaguro, Bukoba, alisomea ufundi mitambo chuoni. Baba yake anatetemeka mikono, na hataki mtu mwingine amnyoe kabla ya misa. Sasa, vinyozi wetu wana kawaida ya kuvunja kiwembe katikati kingali ndani ya karatasi yake, mteja mmoja nusu moja, na nusu hiyo huishika kwa vidole vitupu. Elieth aliipa nusu ile nyumba. Alichonga mdomo wa shaba unaoibana na kuacha ukingo mwembamba tu nje, usioweza kukata zaidi ya unywele, na kishikio kinene cha kutulia kwenye mkono usiotulia.

Wembe wa kwanza kabisa alimpa Riyadhi, kinyozi wa Bukoba mjini, aujaribu. Chini yake aligonga neno moja la Kihaya, NINKWENDA. Maana yake ni nakupenda. Akaufunga kwenye leso, akauweka mezani kwa Riyadhi, akatoka mbio kabla hajaulizwa kitu.

Wiki ile ile Riyadhi alihama Bukoba bila kuaga. Simu yake haikupatikana tena. Elieth akaona amejibiwa.

Na leo amekuja Muleba kumsalimia shangazi yake tu, amebebwa na kaka yake Avit kwa pikipiki, wakanyeshewa njiani mpaka Avit akavaa koti lake la mvua la njano. Avit alimshusha kwa shangazi, akasema ana kazi ndogo mjini, atampitia baadaye. Shangazi akataka kusindikizwa dukani. Njiani wakapita mbele ya saluni ya Uledi, na mezani, kati ya chanuo na kopo la poda, Elieth akaona kitu kinachong'aa.

"Dada, huo ni wa kazi," alisema Uledi, akinyoosha mkono kuudai. "Kama unataka wa kwako, nenda hapo ng'ambo kwa Mustapha. Mwambie unataka Ninakwenda."

"Unataka nini?"

"Ninakwenda. Ndiyo jina lake. Muleba siku hizi hatunyoi kwa kitu kingine. Mpaka visiwani huko wanaulizia."

"Kwa nini unaitwa hivyo?"

"Kwa sababu unakwenda wenyewe. Ukiuweka tu shavuni, unakwenda. Hata mlevi haumkati."

Elieth alimwegemea shangazi yake, akanong'ona. "Shangazi, huu ni wangu."

"Sema kwa sauti."

"Ni wangu," alisema Elieth, kwa sauti ile ile.

Shangazi Benigna alikuwa na sauti ya kumwita mtu kibanja cha tatu bila kutoka jikoni. "Uledi, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Anasema huo wembe ni wake. Mmemwibia."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu waliacha simu zao.

"Mama, mimi nimenunua," alisema Uledi.

"Mwizi naye hununua?"

"Ndiyo nasema mimi si mwizi, maana nimenunua."

Aliyekuwa kitini alijisafisha koo. Huyu ni mzee Audax, hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kuuliza maswali. Shavu lake la kulia lilikuwa limeshanyolewa safi. La kushoto lilikuwa bado limejaa povu.

"Uledi, weka chini kazi. Kuna kesi."

"Mzee, povu litakauka."

"Likauke. Mwite Mustapha."

Mustapha alikuja akijipangusa mikono kwenye aproni yenye matundu ya moto. Ni mtu wa Ujiji, yuko Muleba mwaka wa pili, na Kihaya chake kinaishia kwenye salamu, ambayo nayo huijibu kwa Kiswahili. Kazi yake ni kuyeyusha koki mbovu za maji na kuzisubu ziwe kitu kingine.

"Shikamoo mzee. Naona leo umenyolewa nusu. Ndiyo mtindo?"

"Marahaba. Wembe huu ni wewe uliyeutengeneza?"

"Ni mimi. Una kasoro?"

"Binti huyu anasema ni wake."

Mustapha alimgeukia Elieth, na badala ya kukasirika akafurahi. Alifurahi kabisa, mpaka Elieth akarudi nyuma hatua.

"Kumbe ndiye wewe. Nimesikia habari zako leo leo. Una mkono mzuri, dada, mashallah. Ila kuna jambo limeninyima raha. Tundu la pini. Kwa nini umeliweka pembeni kidogo, si katikati? Nimefikiri, sikupata jibu. Nikasema huyu ni mtu aliyesoma, hawezi kukosa sababu. Nikalifuata hivyo hivyo kwenye zote."

Elieth alilitafuta tundu lile kwa kidole. Angeweza kusema kwamba ni hesabu za kitaalamu. Benchi zima lilikuwa tayari kuamini.

"Mashine iliteleza," alisema.

"Iliteleza?"

"Keekee iliteleza nilipokuwa natoboa. Ni kosa."

Mustapha aliutazama wembe mkononi mwa Elieth kwa huzuni. "Basi na mimi nimeteleza nazo zote."

"Hiyo tu inatosha," alisema mzee Audax. "Mtu akinakili mpaka kosa, hawezi kusema amebuni."

"Mzee, nani amesema nimebuni? Mimi sikatai kuiga. Nimeletewa kitu, nimeona ni kizuri, nimekisubu. Naomba na mimi niulize. Migomba yako ya Kagondo ilitoka wapi?"

"Niliomba miche kwa jirani."

"Ukapanda. Ikazaa. Jirani alikuja kudai mkungu?"

"Hakuja," alisema Audax. "Kwa sababu niliomba. Umelitamka mwenyewe hilo neno, Mustapha. Nilikuwa nakusubiri ulitamke."

Kwenye benchi mtu alicheka puani. Mustapha naye akatabasamu, maana alikuwa mtu wa kukubali akipigwa vizuri. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sawa. Na yeye aliomba kwa nani?"

"Mimi nilibuni," alisema Elieth.

"Kichwani tu?"

"Kichwani mwake," alidakia shangazi Benigna kwa fahari, "na kwenye sanduku la marehemu baba yetu. Ile mashine ya kunyolea aliyoachiwa na padri. Elieth, si ndiyo ulikuwa unaipimapima na rula mezani kwenu, mpaka mama yako akakuuliza kama umeanza kuota ndevu?"

Benchi zima lilimtazama Elieth.

Shangazi aliangalia nyuso za watu, akatambua kwamba amesaidia, ila hakujua amemsaidia nani.

"Kumbe ulipima," alisema Mustapha taratibu.

"Nilipima," alisema Elieth.

"Na mimi nilipima."

"Si sawa. Mashine ile ilitaka kiwembe kinene cha upande mmoja, ambacho duka lolote hapa haliuzi. Niliibadilisha ikubali nusu ya kiwembe chetu. Nikanenepesha kishikio. Nikabadilisha mdomo."

"Na mimi niliongeza A."

Benchi lilicheka, na safari hii hata Uledi alicheka, akajifanya anatafuta taulo. Elieth hakucheka. Hakujua bado ile A imetoka wapi, lakini ilikuwa imemkaa kooni tangu alipogeuza wembe.

"Mpaka hapa," alisema mzee Audax, "nina wezi wawili, na mmoja ana diploma. Binti, jitetee."

Elieth alikuwa mtu wa kuandaa maneno yake siku moja kabla. Darasani alikuwa akijua jibu na kumwachia mwenzake alitoe. Lakini alimkumbuka baba yake asubuhi ile aliyojinyoa mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu augue, alivyojipapasa mashavu akitafuta damu, akakosa, akabaki mbele ya kioo kana kwamba amekutana na mtu waliyepoteana naye.

"Padri alikufa," alisema. "Kiwanda kilichotengeneza ile mashine kilifungwa kabla baba yangu hajazaliwa. Nilitafuta. Hapakuwa na wa kumwomba. Mimi nipo. Kitendaguro si mbali. Mimi ningeombwa."

"Ningejuaje kama upo?" aliuliza Mustapha. "Wembe haukuwa na jina."

"Ulikuwa na neno."

"Neno lilikuwepo, ndiyo. Tena lilikosewa. Nikalirekebisha."

"Umelirekebisha?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Elieth alisikika mpaka barabarani.

"Palikuwa pameandikwa Ninkwenda," alisema Mustapha kwa upole wa mtu aliyetenda wema. "Nikasema fundi huyu chuma anakijua, ila Kiswahili kimempiga chenga. Nikapachika A pale inapotakiwa. Sikudai hata asante."

Hakuna aliyecheka sasa. Kwenye benchi walikuwepo watu wa Kamachumu, wa Nshamba na wa hapo hapo Muleba, na kila mmoja wao alilijua neno lile tangu mgongoni kwa mama yake. Walikuwa wakitazama vidole vyao vya miguu kwa adabu kubwa. Mmoja alianza kukohoa na hakuweza kuacha.

Mzee Audax alikizungusha kiti mpaka akatazamana na Elieth uso kwa uso, nusu safi na nusu nyeupe.

"Binti, neno hilo ni lako?"

Hapa ndipo penyewe, msomaji. Mdomo wa shaba, Mustapha angeweza kusema ameuota. Kishikio kinene, yeyote anaweza kukinenepesha. Tundu la pini lilikuwa kosa, na kosa halina hati. Mashine ya padri ilikuwa imeshamvua nguo. Kilichobaki duniani cha kuonyesha kwamba wembe ule ulitoka mkononi mwake ni neno moja, na ili liwe ushahidi ilimbidi alieleze, mbele ya wanaume wenye ndevu na shangazi mwenye sauti. Akinyamaza, wembe wa baba yake utakuwa wa Mustapha mpaka mwisho wa dunia. Akisema, itabidi aseme vyote.

"Ni langu," alisema. "Halikukosewa."

"Kwa hiyo si Ninakwenda."

"Si Ninakwenda."

"Lina maana gani?" aliuliza Audax, ambaye maana aliijua tangu kabla Elieth hajazaliwa. Hakimu hamjibii shahidi.

Elieth aliutazama wembe. "Nakupenda," aliuambia.

"Amesema nini?" aliuliza mtu wa nje, maana mlango sasa ulikuwa umejaa.

"Amesema nakupenda," alimjibu shangazi Benigna, na ng'ambo ya barabara muuza chipsi akageuka.

"Uliwaandikia wateja wote?" aliuliza Audax.

"Hapana, waitu," alijibu Elieth kwa heshima ya Kihaya. "Uliandikwa wembe mmoja tu. Wa mtu mmoja."

"Mtu huyo yuko wapi?"

"Sijui. Aliusoma akahama."

Shangazi Benigna aliweka kikapu chini. Aliyejibu ni Mustapha, na furaha ilikuwa imemtoka usoni.

"Kama ni yule aliyeniletea," alisema, "yuko kwangu hapo, anakunywa chai. Amekuja kuchukua mzigo wa kisiwa cha Bumbire."

Hapakuwa na haja ya kumwita. Sauti ya shangazi ilikuwa imeshafika. Watu wa mlangoni walisogea, na Riyadhi akasimama kizingitini, amekonda, ameungua na jua la kisiwani, kikombe cha chai bado mkononi.

Riyadhi huyu alizaliwa Bukoba mjini lakini alilelewa na bibi yake Tanga, akarudi mtu mzima kufanya kazi kwenye saluni ya mjomba wake. Kiswahili chake mtu angeweza kukilipia kiingilio. Kihaya hana.

"Elieth," alisema. "Hukwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Uliandika unakwenda."

Elieth aliugeuza tena wembe mkononi.

"Nilikaa na ule wembe," alisema Riyadhi. "Nikasema, amepata kazi Dar, ananiaga, na kwa kuwa ana haya ameshindwa kuniambia. Sikutaka kuja kukukuta unafunga masanduku. Nikaona afadhali niondoke mimi kwanza, nisikuone ukiondoka."

"Na ile herufi? Hukuona kwamba kuna herufi haipo?"

"Niliona. Nilidhani umekosea."

"Nimekosea?" alisema Elieth. "Mimi?"

Wasomaji wangu, mwanamume ambaye Elieth amemlilia tangu Pasaka amesimama mbele yake, ndiyo kwanza amejua kwamba anapendwa, na yeye anagombea herufi. Wahaya huitwa nshomile, yaani nimesoma, na jina hilo hawakupewa kwa bahati mbaya.

"Ukampa Mustapha," alisema Elieth.

"Pini ilikatika. Nikamletea aitengeneze. Na kule Bumbire, Elieth, watu walikuwa wananyolewa kwa viwembe vya kushikwa na vidole, chombo kinayumba, mikono ina maji. Kila siku mtu ana kidonda. Nilipoona wembe wako hauwakati, nikamwambia Mustapha asubu nyingine." Alitazama ndani ya kikombe. "Nilidhani umeniachia. Mtu akikuambia anakwenda, na akakuachia kitu mkononi, si amekupa?"

"Hoja nzuri," alisema mzee Audax. "Nimesikia mawakili wakitoa mbaya zaidi. Tatizo lake ni kwamba imesimama juu ya herufi ambayo haikuwepo."

Alijipapasa shavu la kushoto. Povu lilikuwa limekuwa ganda.

"Mimi nimestaafu. Hukumu yangu haina nguvu popote isipokuwa kwenye kiti hiki, na kiti ni cha Uledi. Lakini Mustapha, bado unataka kuishi na sisi?"

"Nataka, mzee."

"Basi utamwomba ruhusa. Akikupa, kila wembe utakaousubu utaandika neno lake kama alivyoliandika yeye. Bila kuongeza, bila kurekebisha. Watu wajue ulipotoka."

Watu wa benchi walitikisa vichwa. Ilikuwa hukumu safi. Ni Elieth peke yake aliyeona alichoshinda.

Kila wembe. Kila kinyozi wa Muleba, na wa visiwani, na mwishowe wa Bukoba. Wanaume wataingia dukani na kusema, nipe Ninkwenda. Katibu kata atajinyolea. Paroko atajinyolea. Neno alilolifunga kwenye leso na kukimbia nalo litauzwa kwa rejareja.

"Au lifutwe kabisa," alisema. "Ziwe tupu."

"Unaweza," alisema Audax. "Ila kesho akitokea mtu wa tatu na wake, utamwonyesha nini? Atakuwa ameshasikia na habari za mashine ya padri."

Elieth alimtazama Riyadhi. Riyadhi alikuwa bado anatazama chai, lakini midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa akijifunza neno, kimya kimya, bila ile A.

"Liandikwe," alisema Elieth.

Mustapha alivua kofia. "Naomba ruhusa, dada."

"Nimekupa. Na tundu la pini lirudishe katikati."

"Nilikuwa naogopa kukuomba hilo." Lakini hakuirudisha kofia kichwani. Aliizungusha mikononi. "Kuna jambo dogo tu. Kalibu sina."

"Kalibu?" aliuliza shangazi Benigna.

"Umbo la kusubia, mama. Bila hilo siwezi kusubu hata mmoja. Limechukuliwa asubuhi hii, pamoja na ule wembe wa kwanza ninaopimia. Nilijua dada anajua. Aliyekuja alisema ametumwa na mwenyewe, kwamba mwenyewe amepatikana na anataka vitu vyake. Ndiyo maana nilipomwona hapa nilifurahi. Nilidhani amekuja kunishukuru."

"Sikumtuma mtu," alisema Elieth.

"Alikutaja jina. Alitaja na Kitendaguro. Kijana mrefu, koti la mvua la njano, pikipiki nyekundu. Alisema ni kaka yako."

Kikombe kiligonga ukingo wa meza. Riyadhi alikuwa amekiweka chini bila kutazama anapokiweka.

"Avit?" alisema. "Elieth, sikiliza. Lile neno sikulisoma peke yangu. Nilisema moyoni, huenda ni Kihaya, ngoja niulize kabla sijafanya upumbavu. Nikaufuta vizuri ule wembe, nikampelekea Mhaya, nikamwonyesha."

"Ulimwonyesha nani?"

"Kaka yako. Alicheka. Akasema Kihaya hakina neno kama hilo. Akasema dada yake akiwa na haraka huruka herufi, na kwamba Jumatatu unapanda basi la Dar, nisije nikakusumbua. Kisha akaniuliza kama wembe wenyewe unanyoa vizuri. Aliuliza mara nyingi."

Elieth alikumbuka. Ni Avit aliyemletea habari kwamba Riyadhi ametoroka. Ni Avit aliyemwambia asimfuate mtu wa dini nyingine aliyemkimbia. Ni Avit aliyekuwa akimsihi kila wiki wembe usionyeshwe mtu yeyote, mpaka yeye Avit amalize kuulizia ofisini namna ya kuusajili. Kuusajili kwa jina la nani, hakuwahi kumwuliza. Ni kaka yake.

Nje, honi ya pikipiki ililia, fupi, ya kirafiki.

Watu wa mlangoni waligeuka. Avit alikuwa amesimamisha pikipiki ukingoni mwa barabara bila kuizima. Koti la njano lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Nyuma, kwenye keria, gunia dogo zito lilikuwa limekazwa kwa mpira. Alikuwa bado hajaona ni nani aliyesimama ndani, karibu na meza.

"Dada," aliita, akitabasamu. "Mvua inarudi. Unabaki au unakwenda?"

Saluni nzima ilimgeukia Elieth. Shangazi Benigna aliokota kikapu chake na kukishika kama mtu atakayekirusha. Mzee Audax aliinua mkono kumzuia, povu lililokauka likimdondokea kifuani. Riyadhi peke yake hakumtazama Avit wala gunia lake. Alimtazama Elieth mdomoni, kwa sababu safari hii alitaka kuisikia ile herufi kwa masikio yake mwenyewe, kama imo au haimo.

Elieth akavuta pumzi, akajibu.